Ubeti Ambao Baba Hakuusikia

“Huyo mtu asibebwe na askari.”

Mama mmoja alisema hivyo mbele ya majirani wote, jioni ya mkutano wa mwisho wa matanga ya baba yangu.

Hakupaza sauti. Angepaza sauti tungesema ni uchungu, apewe maji, akalishwe. Yeye alisema polepole, kama mtu anayekwambia kamba ya kiatu chako imefunguka.

Waliokuwa wakigawa chai kule nyuma ya hema wakaweka birika chini.

Mimi naitwa Maingi. Marehemu alikuwa Sajini Kiema, mwanajeshi mstaafu, baba yangu mzazi. Kama umewahi kupita Donholm, kwenye zile ghorofa zetu za nyuma, huenda ulimwona. Mzee mrefu, anachechemea mguu wa kushoto, viatu vinang’aa hata siku ya matope. Watoto wa ploti walikuwa wanampigia saluti, naye anarudisha kila moja, hata akiwa amebeba unga.

Alikuwa mtu wa nyumbani. Alituamsha kwa kugonga kikombe na kijiko. Alipiga pasi sare zetu za shule mwenyewe, na hukuthubutu kuikalia ile mikunjo. Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alipougua, baba ndiye aliyesonga ugali, na tuliula na madonge yake bila kunung’unika.

Kabla hajakata roho aliomba kitu kimoja tu. Abebwe na wanajeshi wenzake, kutoka mlangoni pake hadi kwenye gari la kumpeleka Machakos.

Na sasa huyu mama…

“Nyumba hii ina heshima yake, dada,” akasema Samatar. “Wewe ni nani?”

Samatar ni koplo mstaafu, mtu wa Garissa, kiongozi wa wanajeshi wastaafu wa mitaa yetu. Yeye na wazee wake ndio waliokuwa wabebe jeneza.

“Mimi ni Mbinya. Mke wa Nzivo.”

Nikamwona Samatar akivua kofia.

Mbinya akaeleza, na hakuna aliyemkatiza. Miaka zaidi ya kumi iliyopita, mumewe na baba yangu walikuwa kambi moja ng’ambo ya mpaka, Somalia. Alfajiri moja kambi ikavamiwa. Upande ulioingiliwa kwanza, lindo lilikuwa la baba yangu, zamu ilikuwa yake. Lakini maiti iliyookotwa pale ilikuwa ya Nzivo. Baba yangu walimkuta nyuma kabisa, kando ya tangi la maji, ana kipande cha chuma mguuni na simu mkononi.

“Simu,” akarudia. “Mume wangu anakufa kwenye lindo la mtu, na mwenye lindo yuko kwa tangi anabembeleza malaya wake. Huyo ndiye mnataka abebwe kama shujaa?”

Damu ikanipanda. Nilisimama hadi kiti kikaanguka. Nilimwambia aondoke kwetu, na mengine ambayo sitayaandika hapa. Baba alituambia mguu wake uliumia gari la jeshi lilipopinduka. Shambulio gani? Tangi gani? Huyu mama katoka wapi na hadithi zake?

Nikamgeukia mwaitu.

“Mwambie ni uongo.”

Mwaitu wangu, Kavindu, si mwanamke wa kutishwa na watu. Nilingoja amtoe huyo mgeni kwa mdomo wake peke yake.

“Si uongo,” akasema. “Kiema aliacha lindo. Na alikuwa na simu.”

Ndugu zangu mnaosoma, mimi nimewahi kupigwa ngeta, kukabwa shingo na wezi, hapo barabara ya Outer Ring, nikaamka sina viatu. Haikuniuma hivi.

“Alikuwa anaongea na nani?” nikamuuliza.

Mwaitu akajifunika uso kwa leso.

Watu wakaelewa walichoelewa. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akimnong’oneza mwenzake kwamba wanaume ni wale wale, hata wakienda vitani.

Samatar akageuza kofia mikononi muda mrefu. Akasema yeye hakuwa kambi ile, hakujua haya. Angejua, angezungumza na mzee mapema, mtu kwa mtu. Lakini sasa limesemwa hadharani, na mke amekubali.

“Tutakuja Ijumaa kama majirani,” akamaliza. “Tutakaa kwenye viti. Mabega ya wazee wangu hayaendi chini ya mtu aliyeacha lindo.”

Ombi moja tu. Na likafia hapo, mbele ya sufuria za chai.

* * *

Sasa nikwambie kuhusu mimi na baba, ili uelewe moto uliokuwa ukiniwaka.

Mimi ni malenga. Sikufundishwa na mwalimu yeyote. Vina nilivijua kwa masikio, mizani kwa vidole. Shairi langu la kwanza nilitunga nikiwa na miaka tisa, na lilikuwa la baba. Nilimsomea kwa simu akiwa Somalia, asubuhi, nimeshavaa sare ya shule, mwaitu amenishikia simu sikioni.

Nilipofika katikati ya ubeti wa tatu, simu ikakwaruza, laini ikakatika.

Mwaitu aliichukua simu haraka, akaniambia, “Baba ana kazi. Amekata.”

Alinikatia simu. Hivyo ndivyo nilivyokua nikijua. Na aliporudi, mguu umeharibika, ikawa kila nikianza kughani yeye huondoka. Siku ya wazazi shuleni, nimesimama jukwaani, namwona anachukua kofia yake anatoka. Nikighani sebuleni, anakumbuka kuna msumari wa kupigilia nje. Sikumwona hata siku moja akikaa hadi mwisho wa ubeti.

Nikajiapia nitaandika mpaka siku atakayoshindwa kuondoka. Ile wiki ya matanga nilikuwa nimemtungia utenzi mrefu, wa hasira na sifa pamoja, niusome akiwa ndani ya jeneza. Huko hangeweza kuchukua kofia.

Sasa utenzi wa nini? Wa kumsifu mtu aliyemwachia mwenzake kifo ili aongee na mwanamke?

Kesho yake, kulipopambazuka, nilipanda juu kabisa ya ghorofa, kule tunakoanika nguo. Nilitaka kupasua ile karatasi mbali na macho ya mwaitu.

Huko juu kuna tangi la maji, jeusi, la ploti nzima. Baba alikuwa akipanda huko kila alfajiri na mguu wake mbovu. Alisimama kando ya lile tangi, mkono mmoja sikioni, midomo ikicheza. Tulijua anasali. Mwaitu alitukataza kumsumbua, kwa hivyo hakuna wa nyumbani aliyewahi kumsogelea.

Fowsiya alikuwepo, anaanika shuka. Ni jirani yetu wa ghorofa ya juu, tunamwita Mama Leyla. Yeye akishamaliza swala ya alfajiri hupanda na beseni lake kabla kamba hazijajaa nguo za watu.

Akanipa pole. Kisha akasema, “Kumekuwa kimya huku juu, mwanangu. Nimezoea kuanika huku nasikiza ile dua ya mzee.”

“Dua gani?”

“Ile yake ya kila siku. Mimi si Mkristo lakini imeniingia kichwani, nisamehewe.”

Akacheka kidogo, akabana shuka kwa kibanio, akaanza. Kwa lafudhi yake ya Kisomali, kama anayemwimbia mtoto:

*Baba yangu yuko mbali,*
*jua la huko ni kali,*
*hana chai wala wali,*
*ni nani mlinzi wake?*

Lilikuwa shairi langu.

Wasomaji, shairi hilo halijawahi kuchapishwa popote. Sijawahi kulighani tena tangu ile asubuhi. Duniani walilisikia watu wawili tu, mwaitu aliyeshika simu, na aliyekuwa upande wa pili.

Fowsiya akaendelea, mgongo amenipa:

*Mama analinda chungu,*
*mbingu analinda Mungu,*
*baba alinda wenzangu,*
*ni nani mlinzi wake?*

*Nikiwa mtu mzima,*
*nami nitakuja hima…*

Akanyamaza. Akainamia beseni, akatoa foronya.

“Endelea, Mama Leyla.”

“Hakuna kuendelea. Mzee akifika hapo anasimama. Anatikisa kichwa, anarudi mwanzo. Kila siku hivyo hivyo. Nilimuuliza mara moja, Sajini, mbona humalizi dua yako? Akaniambia, hapo ndipo ilipokatikia.”

Nikaliangalia lile tangi.

Mkono sikioni. Alfajiri. Tangi la maji. Simu.

Haikuwa dua.

Sikumbuki nilivyoshuka zile ngazi. Mwaitu alikuwa jikoni, anapanga vikombe vya wageni. Nikasimama mlangoni nikamuuliza ile asubuhi niliyomsomea baba shairi ilikuwa asubuhi gani.

Aliweka kikombe chini. Akavuta kigoda akakaa, kama mtu aliyebeba mtungi tangu Kitui na mwishowe amepata pa kuutua.

Akaniambia yote.

Ile wiki nilikuwa nimegoma kwenda shule. Shairi limekamilika, lazima baba alisikie kwanza. Nililia siku nzima. Mwaitu akamtumia baba ujumbe. Na kule kambini mtandao ulishika mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji. Kwa hivyo askari walikuwa na mtindo wao. Mmoja akitaka kusikia watu wake, mwenzake anamshikia lindo dakika chache. Haikuruhusiwa, na kila mtu alifanya. Asubuhi ile Nzivo alimwambia baba, nenda kamsikize mtoto, mimi nipo hapa.

“Ulipofika ubeti wa tatu, nilisikia mshindo ndani ya simu,” akasema mwaitu. “Na makelele. Ndiyo maana nikakunyang’anya. Nikakupeleka shule nimekushika mkono, sijui mume wangu ni mzima au amekufa.”

Nikachutama mbele yake.

“Hakukukatia simu, Maingi. Hajawahi.”

“Mbona hamkuniambia?”

“Ulikuwa na miaka tisa. Ungebeba maiti ya mtu mgongoni hadi lini?” Akapangusa macho kwa kiganja. “Aliniapisha akiwa bado hospitalini. Alisema, mtoto akijua, ataweka kalamu chini. Nzivo ameenda, kalamu ya mtoto isiende naye. Alikuwa hawezi kukusikiza, mwanangu. Ukianza tu kughani, yeye anausikia ule mshindo. Lakini hakutaka uache. Ile kamusi uliyoikuta kitandani ukanishukuru mimi… mimi hata duka lake silijui.”

Nikauliza la mwisho. Kwa nini jana amekubali watu waseme mumewe alikuwa na malaya?

“Ningekana malaya, wangeuliza ni nani basi alikuwa kwa simu,” akasema. “Afadhali wanicheke mimi.”

* * *

Ijumaa gari lilimleta baba kutoka mochari ili apite nyumbani kwa mara ya mwisho. Wakamweka mlangoni, hapo chini ya ngazi, juu ya vigoda viwili.

Samatar na wazee wake walikuja kama walivyoahidi. Makoti, nishani kifuani, viatu vimepigwa brashi. Wakakaa kwenye viti, mikono magotini, macho chini. Binamu zangu walikuwa wanajipanga kubeba. Mbinya naye alikuja. Alisimama karibu na geti, amefunga mikono, kulinda neno lake lisivunjwe.

Kasisi aliniita nisome utenzi.

Sikuutoa mfukoni.

“Juzi mlisikia kwamba baba yangu alikuwa anaongea na malaya kwa simu,” nikasema. “Malaya huyo ni mimi.”

Nikasikia mwaitu akiguna kama aliyechomwa. Alitaka kuinuka, dada yangu Kavinya akamshika.

Nikawaeleza. Mtoto wa miaka tisa aliyegoma kwenda shule. Tangi. Nzivo aliyesema nenda kamsikize mtoto. Nikawaambia kuhusu alfajiri zote zile huko juu, mzee na mguu wake, akirudia maneno ya mtoto hadi pale yalipokatikia, asijue yanaishaje. Fowsiya alikuwa pale pembeni na shungi lake jeusi, akawa anatikisa kichwa, ndivyo, ndivyo.

Nikawaambia shairi lina swali, ni nani mlinzi wake, na jibu liko kwenye mistari miwili ambayo baba hakuisikia. Nikaweka mkono kwenye jeneza nikaghani lote. Nilipofika ubeti wa tatu nikainama, nikayasogeza maneno karibu na mbao.

*Nikiwa mtu mzima,*
*nami nitakuja hima,*
*nyuma yake kusimama,*
*mimi ni mlinzi wake.*

Kwa mara ya kwanza, baba yangu alibaki hadi mwisho.

Nilitegemea Mbinya ageuke aende zake. Nilikuwa tayari. Mtu amepoteza mume kwa sababu ya shairi langu, aniambie nini?

Badala yake akaja. Polepole, akipita katikati ya viti, uso umebadilika. Hakunitazama mimi. Alimtazama Samatar.

“Koplo. Huo mtindo wenu wa kushikiana lindo… mtu alikuwa anashikiwa tu hivi hivi?”

“La,” akasema Samatar. “Ukishikiwa, unarudisha. Leo wewe, kesho mimi. Wakati mwingine asubuhi hiyo hiyo.”

Mbinya akashika ukingo wa kiti.

“Nzivo alinipigia alfajiri ile,” akasema. “Kulikuwa bado giza. Aliniambia tuongee haraka, yuko zamu, ameshikiwa na mwenzake ambaye hakumtaja jina. Na huyo mwenzake naye ana mtoto malenga anayetaka kumsomea shairi kabla ya shule, kwa hivyo lazima amrudishie. Tukacheka. Nikamwambia huyo mtoto atakuwa msumbufu.”

Akalitazama jeneza.

“Kisha nikamwambia nina mimba.”

Hapo ndipo sauti ilipomvunjika.

“Mume wangu alikufa akijua kuna mtoto, huyu Triza wangu. Kila siku namshukuru Mungu kwa ile simu. Kila siku… Na sijawahi, hata mara moja, kujiuliza ni nani alikuwa amesimama mahali pake wakati anacheka na mimi.”

Samatar aliinuka. Akavaa kofia yake, akainyoosha kwa vidole viwili. Hakutoa amri yoyote. Wazee wakainuka nyuma yake mmoja mmoja, magoti yakilia, wakaja wakajipanga kando ya jeneza. Binamu zangu wakarudi nyuma.

Mwaitu alikuwa analia bila kujificha.

Mbinya akasogea mbele, upande wa kulia, akamgusa mzee aliyekuwa pale begani.

“Hapa ni pa Nzivo,” akasema. “Nitamshikia.”

Nilimwona Samatar akisita. Jeneza la askari hubebwa na waliowahi kuvaa sare, na kwetu mwanamke haweki bega chini ya jeneza. Alimtazama Mbinya, akatazama nishani zake mwenyewe, kisha akamwashiria yule mzee ampishe.

Wakambeba hivyo. Kutoka mlangoni pake hadi kwenye gari. Hatua moja moja, polepole, na yule mama katikati ya wanaume, bega lake limeenda juu ili lifike.

* * *

Ewe unayesoma hii huku umekaa na mzee wako nyumba moja na hamsemezani, nisikize mimi nisiyependa kumwambia mtu la kufanya.

Yule anayeondoka ukianza kusema, usiharakishe kuandika kwamba hakupendi. Mfuate hadi huko anakoenda. Nenda ukasimame kando yake, usikie midomo yake inasema nini. Mimi niliishi miaka yote hiyo ngazi chache tu kutoka kwa jibu, na ni jirani aliyelisikia kwanza, akiwa na shuka mbichi mikononi.

Na ukisikia mtu aliacha lindo, uliza pia yeye alimshikia nani kabla ya hapo.

Siku hizi mimi ndiye ninayepanda. Alfajiri, Fowsiya anaanika, mimi nasimama kando ya tangi. Maji huingia kwa kishindo saa hizo, na kila yakianza nashtuka. Kuna asubuhi nasikia hatua nyuma yangu, moja nzito, moja ya kuburuta. Sigeuki. Namwachia nafasi.

Nikifika pale ilipokatikia, nasimama kidogo, kama alivyokuwa akisimama.

Halafu nammalizia.